Baba ya Simba: George Adamson, kutoka Krismasi ya Garissa hadi kaburi la Kora

WALIOKUWA vijana katika miaka ya 1960 na 1970 bila shaka wanaikumbuka filamu ya Born Free, iliyosimulia maisha ya Elsa, simba jike aliyelelewa nyumbani mithili ya paka kisha akarejeshwa mwituni. Wanaukumbuka pia wimbo wake ulioimbwa na Matt Monro, ambao ulichezwa redioni na kwenye santuri hadi ukawa kama kitambulisho cha Kenya machoni pa wageni.

Wasilolikumbuka wengi ni kwamba kisa hicho kilichovuma London na Hollywood kilichipuka katika nchi kame ya kaskazini mwa Kenya. Mume na mke waliokuwa kiini chake walionana kwa mara ya kwanza mjini Garissa, wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1942. Na mume huyo, George Adamson, alikata roho miaka 47 baadaye katika nyika ya Kora, ng'ambo ya mto Tana, akiwa na umri wa miaka 83.

Kati ya siku hizo mbili kuna maisha ya mtu ambaye wenyeji walimwita Bwana Game alipokuwa afisa wa serikali, na Baba ya Simba alipozeeka. Ni maisha yaliyosheheni sifa, lakini pia yana deni ambalo filamu haikulionyesha.

Kijana asiyetulia

George Alexander Graham Adamson alizaliwa Februari 3, 1906, katika mji wa Etawah nchini India, iliyokuwa wakati huo chini ya himaya ya Waingereza. Alisomeshwa Uingereza, katika shule ya Dean Close mjini Cheltenham, na mwaka wa 1924 akaja Kenya kumsaidia baba yake katika shamba la kahawa.

Kahawa haikumshika. Kwa zaidi ya miaka kumi kijana huyo alihama kutoka kazi moja hadi nyingine. Alitafuta dhahabu, akachuuza mbuzi, akanunua na kuuza nta ya nyuki, akapambana na nzige, na akawaongoza wawindaji wa kigeni. Mwaka wa 1934 yeye na rafiki yake Nevil Baxendale walifunga safari hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, wakiandama uvumi kwamba huko kulikuwa na dhahabu ya Malkia wa Sheba. Dhahabu hawakuiona, lakini George aliiona nchi ya kaskazini, na tangu hapo moyo wake haukubanduka huko.

Mnamo 1938 aliajiriwa na idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni. Eneo alilokabidhiwa baadaye lilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wakongwe wangali wanaiita NFD. Lilikuwa na ukubwa wa takriban maili mraba 120,000, kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi mpaka wa Uhabeshi. Ndani yake mlikuwa Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, ambako George aliweka makao yake.

Hiyo ilikuwa nchi iliyofungwa. Sheria za wakoloni ziliwazuia watu kuingia wala kutoka bila kibali, na barabara zilikuwa chache. Afisa wa wanyama alisafiri kwa ngamia na punda, akiandamana na askari wake Waafrika walioyajua maji yalipo na nyayo za kila mnyama. Msafara ulibeba posho, chai, sukari na chumvi. Yaliyosalia yalitoka kwa wenye nchi, yaani maziwa ya ngamia, nyama ya mbuzi na samli. Wafugaji wa sehemu hizo walikuwa wamekwisha kubuni chakula cha safari, nyirinyiri, ambayo ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, kisha ikafunikwa kwa samli ili ikae muda mrefu bila kuoza. Yeyote aliyefanya kazi kaskazini wakati huo alijifunza kwamba chakula kisichostahimili jua si chakula cha safari.

Krismasi ya Garissa

Garissa ya mwaka wa 1942 haikuwa mji unaojulikana leo kwa soko lake kubwa la mifugo. Ilikuwa boma la serikali kando ya Tana, lenye nyumba za maafisa, vituo vya askari na maduka machache. Wafugaji wa Kisomali walileta ngamia na ng'ombe wao kunywa maji mtoni, huku Wapokomo na Wamunyoyaya wakilima kingoni mwa mto. Wazungu walioishi humo walihesabika kwa vidole, na Krismasi ilipofika walikusanyika pamoja nyumbani kwa mkuu wa wilaya.

Mwaka huo miongoni mwa wageni alikuwepo Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Nairobi, pamoja na mkewe. Bibi huyo alizaliwa mwaka wa 1910 akiitwa Friederike Victoria Gessner, katika mji wa Troppau uliokuwa chini ya himaya ya Austria, na ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki. Bally ndiye aliyembandika jina la Joy. Alikuwa hodari wa kuchora maua, mchangamfu, na mwepesi wa hasira.

George alitokea porini na ngamia wake, akiwa na umri wa miaka 36 na bado kapera. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyependa kiko chake na kimya cha nyika. Haikuchukua muda mrefu kabla ya wawili hao kupendana, na jambo hilo lilizua gumzo miongoni mwa walowezi. Talaka ilipatikana, na Januari 1944 George na Joy wakafunga ndoa jijini Nairobi.

Ndoa hiyo haikuwa tulivu. Joy aliipenda nchi ya kaskazini kama mumewe, na alitumia miaka mingi kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili, mamia ya picha ambazo hadi leo ni hazina ya taifa. Lakini tabia zao hazikulingana. Aliyewaunganisha kikweli hakuwa mtoto wa kuzaa, kwani hawakujaliwa kupata watoto. Alikuwa mwana wa simba.

Maziwa ya mkebe na mafuta ya samaki

Februari 1, 1956, George na mwenzake Ken Smith walikuwa wakimsaka simba aliyemuua Mborana mmoja. Ghafla simba jike aliwarukia, wakampiga risasi. Walipomkagua waliona matiti yake yamejaa maziwa, wakatambua kwamba alikuwa akiwalinda wanawe. Katika mwanya wa mwamba walipata watoto watatu, wote majike, waliokuwa na umri wa siku chache tu. George aliwabeba hadi kambini kwa Joy.

Hapo ndipo lilipozuka suala la chakula, ambalo kila mama anaweza kulielewa. Kwa muda wa siku mbili watoto hao walikataa kata kata maziwa ya mkebe waliyopewa. Walipoanza kunywa, haikuwepo chupa ya mtoto wala chuchu yake, ikabidi kutumia kipande cha mpira laini. Watu walitumwa katika soko lililokuwa umbali wa maili 50 kununua chuchu, makasha ya maziwa yasiyo na sukari, glukosi na mafuta ya ini la samaki. Maziwa yalichanganywa na mafuta hayo, glukosi, unga wa mifupa na chumvi kidogo, na watoto wakalishwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana.

Aliyewachunga walipoanza kutembea alikuwa kijana Msomali aitwaye Nuru. Aliandamana nao vichakani kutwa nzima kama mchungaji na mbuzi wake, akijua ni yupi mkorofi na ni yupi mwoga. Baadaye, Elsa alipokuwa akifundishwa kuishi mwituni, aliyekuwa karibu naye mara nyingi alikuwa Makedde, askari wa wanyama kutoka jamii ya Waturkana. Majina ya watu hao wawili yamo katika kitabu cha Joy, lakini ni mashabiki wachache wa filamu wanaoyajua.

Wawili kati ya watoto hao wa simba, Big One na Lustica, walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam nchini Uholanzi. Mdogo kuliko wote, Elsa, alibaki. Alilala nyumbani, akapanda gari, na akaandamana na walezi wake hadi ufuo wa Bahari Hindi huko Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ambako alicheza na mawimbi. Nyama yake ilikuwa ya mbuzi walionunuliwa kutoka kwa wafugaji.

Alipokua, akina Adamson waliamua kumfundisha kuwinda na kumwachilia huru, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati huo waliliona kuwa upuuzi. Jaribio la kwanza halikufaulu, lakini lile la Meru lilifaulu. Elsa aliwinda, akapata dume, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu walioitwa Jespah, Gopa na Little Elsa. Akawaleta kambini kuwaonyesha watu waliomlea.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Januari 24, 1961, Elsa alikufa kwa maradhi yanayoenezwa na kupe, George akiwa kando yake. Alizikwa papo hapo Meru. Wanawe waliobaki yatima waliona njia ya mkato ya kupata chakula, wakaanza kuvamia mazizi ya mbuzi ya wanavijiji. Ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, nchini Tanganyika. Kwa msomaji wa London hicho kilikuwa kipande cha kusikitisha katika hadithi tamu. Kwa mwenye mbuzi, ulikuwa mwanzo na mwisho wa hadithi yenyewe.

Sinema na santuri

Kitabu cha Born Free kilichapishwa mwaka wa 1960 na kikauza mamilioni ya nakala katika lugha nyingi. Filamu ilifuata mwaka wa 1966. Virginia McKenna aliigiza nafasi ya Joy, na mumewe, Bill Travers, akawa George. Onyesho rasmi lilifanyika London mbele ya Malkia Elizabeth. Mwaka uliofuata filamu hiyo ilinyakua tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki uliotungwa na John Barry na nyingine ya wimbo ambao maneno yake yaliandikwa na Don Black. Mnamo 1974 kisa hicho kiligeuzwa kuwa mfululizo wa runinga nchini Marekani, ukapigwa picha Kenya, lakini haukudumu zaidi ya msimu mmoja.

George aliajiriwa kuwa mshauri wa wapiga filamu, akiwafundisha waigizaji jinsi ya kukaa na simba. Kazi ilipokwisha, wengi wa simba walioigiza walipelekwa katika bustani za wanyama ng'ambo. Lilikuwa jambo la ajabu kwa filamu iliyousifu uhuru. George, McKenna na Travers walipinga, wakafaulu kuwaokoa watatu tu. Wawili, Boy na Girl, walikuwa wamefugwa na kikosi cha jeshi la Uingereza. Wa tatu aliitwa Ugas, jina ambalo kila Msomali analifahamu kuwa ni cheo cha kiongozi wa ukoo.

George, aliyekuwa amekwisha kustaafu, aliwapeleka watatu hao Meru na kuanza kuwafundisha kuishi huru. Kazi hiyo ndiyo iliyomtenganisha na Joy. Mkewe alikuwa na nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha, iliyoitwa Elsamere, na duma wake Pippa huko Meru. Kuanzia 1970 kila mmoja alishika njia yake, ingawa hawakuachana kisheria. Jambo moja walilodumisha ni kukutana wakati wa Krismasi, kana kwamba ile ya Garissa ilikuwa ahadi isiyovunjwa.

Ng'ambo ya Tana

Meru hapakukalika tena. Mwaka wa 1969 Boy alimjeruhi mtoto wa mkuu wa mbuga hiyo, na George akaamriwa kuondoka na simba wake. Mahali pekee palipopatikana ni Kora, nyika ya miiba na majabali mekundu kusini mwa mto Tana, katika wilaya ya Tana River, ambako hakuna aliyetaka kwenda.

Huko ndiko alikojenga Kampi ya Simba mwaka wa 1970, pamoja na ndugu yake Terence. Terence hakuwapenda simba hata kidogo, bali tembo. Hata hivyo, ndiye aliyepasua barabara katika kichaka hicho, na ndiye aliyejenga vibanda na ua wa waya. Mambo yalikuwa kinyume cha desturi, kwani watu waliishi ndani ya ua na simba wakarandaranda nje.

Mji wa kununulia mahitaji ulikuwa Garissa, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Kwa kuwa haikuruhusiwa kuwinda katika hifadhi, simba walilishwa nyama ya ngamia iliyonunuliwa kutoka kwa wafugaji. Mpishi Hamisi, aliyemtumikia George kwa miaka mingi, aliandaa chakula cha watu kwa kile kilichopatikana. Mzee mwenyewe, mwenye ndevu na nywele nyeupe zilizofika shingoni, alivaa kaptura na makubadhi bila shati. Alipokuwa akila, kanga na hondohondo walikusanyika kumzunguka wakidona nafaka aliyowamwagia. Jua likitua, alijimiminia kileo chake na kusikiliza simba wakinguruma.

Mgeni aliyeipa Kora umaarufu zaidi alikuwa Christian. Simba huyo alinunuliwa mwaka wa 1969 katika duka la Harrods jijini London na vijana wawili Waaustralia, John Rendall na Anthony Bourke. Aliishi katika duka la samani mtaani Chelsea, akacheza katika uwanja wa kanisa na kupandishwa katika gari aina ya Bentley. McKenna na Travers walimwona kwa bahati, wakapendekeza apelekwe kwa George. Mwaka wa 1970 Christian alitua Kenya, mnyama wa jiji ambaye hakuwahi kukanyaga mwiba. Vijana hao walipomtembelea Kora mwaka uliofuata, aliwatazama kwa muda, kisha akawakimbilia na kuwakumbatia kwa miguu ya mbele. Picha za kukutana huko zilihifadhiwa katika filamu, na mwaka wa 2008 zikaibuka katika intaneti na kutazamwa na mamilioni ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Christian mwenyewe alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1973, akielekea mtoni.

Mtafuta asali

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. George aliyaamini hayo kuhusu simba, na mara nyingi simba walimthibitishia. Lakini si mara zote.

Juni 1971, mfanyakazi wa kambi aitwaye Stanley alitoka nje ya ua, inaaminika alikwenda kutafuta asali. Boy, yule aliyeigiza katika filamu na kulelewa kwa mikono ya watu, alimkamata. George alisikia mayowe, akakimbia na bunduki, akampiga Boy risasi ya moyo. Alikuwa amechelewa. Stanley alifariki baada ya dakika chache. Siku hiyo George aliwapoteza wawili, mmoja kwa meno na mwingine kwa risasi yake mwenyewe.

Huo haukuwa mkasa wa mwisho. Mwaka wa 1975 msaidizi wake Mwingereza, Tony Fitzjohn, nusura auawe na simba. Mwaka wa 1977 simba Suleiman alimrukia George mwenyewe na kumjeruhi shingoni. Na mwaka wa 1980 Terence, asiyewapenda simba, alirarukiwa uso na mmoja wao. Serikali ikaamua kwamba simba wengine wasiletwe Kora.

Wanasayansi walihoji kama kulikuwa na maana ya kutumia nguvu nyingi kumrejesha mwituni simba mmoja mmoja, tena simba aliyezoea harufu ya binadamu na asiyemwogopa. Swali hilo lilikuwa zito, na kaburi la Stanley lililifanya kuwa zito zaidi. Jibu la George lilikuwa kwamba mnyama ana haki ya kuishi alikozaliwa kuishi. Aliishi kwa jibu hilo, naye na wafanyakazi wake wakalipia gharama yake.

Kulikuwa na swali jingine. Wafugaji wa Kiorma na Kisomali waliitegemea Kora kwa malisho na maji wakati wa ukame. Mwaka wa 1973 sehemu hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa watetezi wa wanyama huo ulikuwa ushindi wa mzee wa simba. Kwa mfugaji aliyeona mifugo yake ikifa kwa kiu ilhali mto u mbele yake, ulikuwa mlango uliofungwa. Ugomvi huo wa malisho haujapata suluhisho hadi leo, hapo Kora na kwingineko kaskazini.

Jumapili ya Agosti

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa michungu kwa eneo hilo. Vita vya Shifta vilivyozuka baada ya uhuru mwaka wa 1963 vilikuwa vimeacha silaha, umaskini na chuki, na wenyeji wa Kaskazini Mashariki waliendelea kutawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Bei ya pembe za ndovu na za vifaru ilipanda, na magenge yenye bunduki za kisasa yakaingia nyikani. Vifaru wa Kora walimalizwa, na tembo wakauawa kwa mamia. Raia wa kawaida walinaswa katikati, wakinyang'anywa na majangili huku wakishukiwa na serikali.

Joy alitangulia. Januari 3, 1980, aliuawa katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo, alikokuwa akimlea chui. Mwanzoni ilidaiwa ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulibaini kwamba alidungwa kisu, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Majivu yake yalinyunyizwa Meru, katika makaburi ya Elsa na Pippa. Terence aliaga dunia mwaka wa 1986 na kuzikwa Kora.

George alibaki, ingawa wengi walimsihi ahame. Mwaka wa 1988, akiwa na miaka 82, alikubaliwa kupokea watoto wengine watatu wa simba, Batian, Furaha na Rafiki, akaanza upya kazi ya chupa na maziwa.

Jumapili ya Agosti 20, 1989, gari la kambi lilivamiwa na watu wenye bunduki lilipokuwa likielekea uwanja wa ndege mdogo wa Kora. Ndani yake alikuwemo mgeni mwanamke na mfanyakazi mmoja. George alisikia milio ya risasi. Angeweza kubaki ndani ya ua. Badala yake alichukua bastola, akaingia katika Land Rover yake pamoja na wafanyakazi wake, na kuwaendea moja kwa moja wavamizi hao. Alipigwa risasi akafa, na wafanyakazi wake wawili wakafa pamoja naye. Mgeni wake alinusurika.

Ilikuwa imepita mwezi mmoja tu tangu Rais Daniel arap Moi ateketeze tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, Julai 18, kuuonyesha ulimwengu kwamba Kenya imechoshwa na ujangili. Kifo cha Adamson kilitangazwa pembe zote za dunia, na Oktoba mwaka huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Kora nayo ikapandishwa hadhi na kuwa mbuga ya kitaifa.

Kaburi na meza ya chai

George Adamson alizikwa Kora, karibu na ndugu yake Terence na mahali alipozikwa Boy, simba aliyempenda na kumuua. Watoto watatu wa simba walichukuliwa na Gareth Patterson hadi Botswana. Fitzjohn alihamia Mkomazi nchini Tanzania, baadaye akaikarabati Kampi ya Simba, naye akaaga dunia mwaka wa 2022. McKenna na Travers walikuwa tayari wameanzisha shirika la kutetea wanyama mwaka wa 1984, ambalo leo lina jina lile lile la filamu.

Nyumba ya Elsamere huko Naivasha ni makumbusho. Wageni hunywa chai ya alasiri na keki uwanjani mbele ya ziwa, huku mbega wakirukaruka mitini, kisha huonyeshwa filamu kuhusu maisha ya Joy. Ni kumbukumbu nzuri, lakini iko mbali na kisa kilikozaliwa. Anayetaka kuonja kitu cha nchi aliyoipenda George hana budi kuvuka Tana kuingia Garissa, aketi mkahawani aagize chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na kibakuli cha nyirinyiri, chakula ambacho kilikuwepo kabla ya Bwana Game kufika na ambacho kingali kipo.

Huko pia ndiko waliko wajukuu wa watu wa kizazi cha Nuru, waliowachunga wana wa simba kabla hawajajulikana, na wa wafugaji waliouza mbuzi na ngamia wao ili simba wale. Ulimwengu uliupenda wimbo wa uhuru wa Elsa. Uhuru huo ulilishwa kwa mifugo ya watu wa kaskazini, ukalindwa na askari wao, na mwishowe ukagharimu maisha ya Stanley, ya wafanyakazi wawili wa Kora, na ya mzee aliyekataa kuketi ndani ya ua wake aliposikia wengine wakishambuliwa. George Adamson alilipa sehemu yake hadi senti ya mwisho, na kwa hilo anastahili heshima. Waliolipa pamoja naye wanastahili, angalau, kutajwa pale kisa hicho kinaposimuliwa.